Jetoni ya Shomeri

Juzi nilipeleka ufunguo wa nyumba kwa fundi anayekaa kwenye kona karibu na soko, yule mwenye meza ya mbao na mashine ndogo ya kuchonga funguo. Aliubana, akawasha mashine, na vumbi la njano likaanza kumwagika juu ya kitambaa chake. Sikuwa na wazo lolote kichwani zaidi ya kurudi nyumbani kupika. Halafu harufu ikanifikia. Ni ile harufu ya shaba ya njano iliyotoka kusuguliwa na tupa, kali kidogo, inayobaki kwenye vidole hata ukinawa mara tatu. Nilibaki mdomo wazi. Fundi akaniuliza, "Mama, kuko nini? Ufunguo haiko muzuri?" Nikamwambia iko muzuri, iko muzuri sana, kisha nikainama nikanusa meza yake. Aliniangalia kwa huruma, na simlaumu.

Nyinyi mliokulia kambi za wafanyakazi hapa Lubumbashi mnalikumbuka lile bomba kubwa la moshi la kiwanda cha shaba. Lilionekana kutoka kila mlango wa kambi yetu. Moshi wake ulituwasha koo na kukausha mboga za Mama, na Mama aliutukana kila siku ya Mungu. Siku moja bomba likaacha kutoa moshi. Matembele ya Mama yakanenepa, na hakuna aliyefurahi. Askari walikuwa wameshapora maduka ya mjini, watu wakafuata nyuma yao kuokota yaliyobaki, na darasani kwetu madawati yalikuwa yakipungua kila wiki kwa sababu kuna waliokuwa wakipikia mbao zake. Mtu mwenye miaka tisa huona mambo hayo yote na bado anacheza kamba. Mimi nilicheza kamba.

Papa, baba yangu, alikuwa turneri, yaani fundi wa ile mashine inayozungusha chuma ili kichongwe. Kwa akili yangu turneri alikuwa mtu wa kuzungusha vitu, na sikukosea sana. Kila mfanyakazi alikuwa na jetoni yake, kisahani cha shaba ya njano, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya bia, chenye tundu moja pembeni na namba ya mwenyewe iliyogongwa katikati. Zilikaa kwenye ubao pale kwenye lango la kiwanda. Asubuhi unaichukua ya kwako na kuitundika ubao wa pili, na wakubwa wanajua umeingia. Jetoni haikuvuka lango. Nilikuwa nikizisikia tu, mpaka ile siku Papa aliporudi nyumbani saa sita mchana, akaitoa mfukoni na kuitundika kwenye msumari chini ya picha ya Bikira Maria. Mama alimuuliza kwa macho.

"Bon," Papa akasema. "Sasa na sisi tuko bashomeri."

Nyinyi mnajua shomeri ni nani. Ni mtu asiye na kazi. Mimi sikujua. Mimi nilijua turneri, nilijua suderi anayeunga vyuma kwa moto, nilijua shoferi anayeendesha lori, wote watu wa kazi, na hili neno jipya lilikuwa na mkia uleule. Nikatafakari sana. Miaka yote Papa alikuwa turneri, akisimama mbele ya mashine. Sasa amekuwa shomeri na anakaa kwenye kiti. Wanaosimama ni wadogo, wanaokaa ni wakubwa. Juu ya hapo amepewa medali ya shaba, na imewekwa karibu na Bikira. Hapakuwa na maelezo mengine, Papa yangu alikuwa amepandishwa cheo.

Mwalimu alipotuuliza darasani kazi za wazazi, mimi ndiye niliyenyanyua mkono kwanza. "Papa yangu iko shomeri, na balimupatia medali!" Wenzangu waligeuka kunitazama kwa wivu. Mwalimu alikuwa hana chaki siku ile. Alitazama dirishani kidogo, akasema, "Muzuri, mama. Kaa." Nikakaa nimevimba kichwa.

Ila cheo hakikumpendeza Papa. Alikaa kwenye kiti cha kamba mbele ya nyumba, akilitazama lile bomba lisilo na moshi tangu asubuhi mpaka jua linazama, mikono juu ya magoti. Hakusoma, hakutengeneza hata mguu wa meza uliokuwa ukiyumba. Kila Jumatatu tu alivaa salopeti yake ya bluu, ile ovaroli ya kazi, iliyopigwa pasi, akachukua jetoni, akaenda langoni kusikiliza kama majina yanasomwa ya watu wa kurudi. Bila jetoni, alimwambia Mama, hata jina lisomwe hakuna atakayekujua. Kabla ya saa nne alikuwa amerudi, ameitundika, amekaa. Mama alianza kumzungumzisha polepole, vile anavyozungumza na mgonjwa, na jambo hilo lilinitia hofu kuliko askari. Basi nikawa na haja moja tu duniani, Papa ainuke kwenye kile kiti. Na kwa kuwa nilikuwa na akili, niliona shida iko wapi. Wamempa cheo, lakini wamesahau kumpa kitu cha kutengeneza.

Kitu chenyewe kilipita mbele ya nyumba yetu mchana mmoja, kikiwa mkononi mwa Papa ya Fifi. Huyo alikuwa jirani yetu, suderi, naye shomeri pia ingawa medali yake alikuwa ameificha sandukuni. Alikuwa akitoka mto Kafubu na kamba ya visamaki, virefu kama kidole changu cha kati.

"Angalia, ndugu yangu," akasema. "Kutwa muzima na minyoo, na ni hii tu."

Papa hakugeuza hata shingo. "Minyoo inaita batoto ya samaki. Mukubwa, yeye anangojea kitu yenye kuzunguka."

Papa ya Fifi akacheka akaenda zake. Mimi sikwenda. Nilikaa chini karibu na mguu wa kiti. "Kitu gani, Papa? Inazunguka namna gani?"

Nilimchokoza mpaka akasema. Zamani mkuu wa karakana yao, Mzungu mmoja mwenye masikio mekundu, alimchukua siku ya Jumapili amsaidie kubeba vitu mpaka Kafubu. Mzungu hakuwa na mnyoo hata mmoja. Alikuwa na kidude cha kung'aa alichokiita kijiko, kwa Kifaransa chake. Ukikivuta majini, kile kisahani chake kinazunguka waya, kinametameta, na makobo, yule samaki wa mdomo mkubwa, anakirukia.

"Na hakuna chakula pale?"

"Hakuna. Samaki haikamate juu ya njaa. Inakamata juu ya kasirani. Inaona kitu inapita mbele ya nyumba yake, inacheza-cheza, haina adabu. Inauma!"

Alisema "inauma" kwa nguvu, na kidole cha mguu wake kikachora kwenye vumbi mstari mmoja na yai pembeni yake. Nilikitazama kile kidole nikasogea karibu. Papa alikuwa bado amekaa, lakini mguu ulikuwa umeanza kazi.

Toka siku ile sikupumzika. Waya niliupata kwenye gurudumu la baiskeli iliyokufa, Papa akaniambia nikunje kitanzi huku na kitanzi kule. Shanga mbili nilimwomba Fifi, kwa ahadi ya mkia wa samaki. Kwa uzito, risasi ya betri kuukuu, ile metali nzito, ambayo Papa aliniamuru niiyeyushe mbali na upepo ndani ya kopo la nyanya, yeye akinisimamia kwa macho kutoka kwenye kiti. Ndoano tatu tulizifunga mgongo kwa mgongo kwa waya mwembamba. Kila nilichomletea alikigeuza vidoleni, akakirudisha. "Ipunguze." "Iko inaegemea." "Si vile, mama, anza tena." Nilianza tena. Sijawahi kukosolewa kwa furaha namna ile.

Tatizo lilikuwa kisahani chenyewe. Cha kwanza nilikikata kwenye kopo la sardini. Nilikifunga kwa uzi, nikakimbia nacho kwenye mfereji nyuma ya kambi, uliokuwa umejaa maji ya mvua. Kilitetemeka kidogo kikalala ubavu. "Ni nyepesi," Papa akasema. Nikaleta kijiko, kijiko chenyewe cha jikoni, mantiki ikiwa upande wangu. Mama alinikuta na msumeno.

"Mungu wangu! Ile kijiko ilitoka mu ndoa yangu! Unakata kijiko yangu juu ya nini?"

"Juu ya samaki, Mama. Inauma kijiko."

"Eh! Samaki ya Kafubu iko inakula na kijiko, sisi benye nyumba tunakula na mikono? Mukamate samaki na kiatu ya papa yako!" Alikinyang'anya akaingia ndani, na nilimsikia akicheka peke yake jikoni.

Halafu nikaleta kitu nilichokuwa na uhakika nacho. Tangu siku za uporaji, watoto wa kambi tulikuwa tumeokota maganda ya risasi barabarani, na yalikuwa ya shaba ya njano, mazito, yanang'aa. Nilimwaga sita mapajani kwa Papa. Uso wake ulibadilika. Alinishika mkono. "Hii hapana. Kitu ya kuua bantu haiingie mu chakula yetu. Tupa mu choo, yote. Na unawe na sabuni." Nilinawa mpaka maji yakawa meupe, nikarudi mikono mitupu. Mji wa shaba mzima, milima ya shaba kila upande, na mimi nimekosa kipande cha ukubwa wa kifuniko cha chupa!

Kifuniko cha chupa. Niliingia ndani, nikainua macho kwa Bikira Maria nimwombe, na chini ya miguu yake nikaiona. Ilikuwa ya mviringo, ya shaba, nzito. Na tundu! Tundu lake lilikuwa pembeni hasa, pale Papa alipochora kwa kidole cha mguu kwamba tundu liwe. Niliona wazi kwamba nimejibiwa.

Siku ile ilikuwa Jumatatu, na Papa hakwenda langoni, kwa sababu homa ilikuwa imemlaza tangu alfajiri. Alilala chini ya mablanketi mawili, meno yakigongana, na Mama alikuwa amekwenda zahanati kutafuta dawa. Kama kuna malaika anayezuia watoto, siku ile alikuwa kwingine. Niliteremsha jetoni. Niliiweka kwenye shimo la kinu cha Mama, pale katikati palipolika kwa kutwangwa, nikasimamisha bolti nene juu yake, nikagonga kwa jiwe. Nikagonga tena. Namba ya Papa ikaanza kuzama, na kisahani kikawa kibakuli kidogo. Mikono yangu ilinuka ile harufu. Nilikifunga kwenye waya, ushanga, risasi, ushanga, nikatoka mbio bila viatu.

Mfereji ulikuwa umejaa hadi ukingoni. Nilitupa, nikaanza kutembea kinyume na maji, nikivuta. Mwanzo hakuna. Nikaongeza mwendo. Halafu kitu kikanguruma mkononi mwangu! Sijui niwaelezeje. Uzi wote ulikuwa hai, unatetemeka mpaka kwenye kiwiko, na kule majini jetoni ilikuwa imepotea, mahali pake pana mpira wa mwanga wa njano unaozunguka, unazunguka, hautaki kusimama. Nilipiga kelele. Nilikimbia mfereji mzima huku na huku nikipiga kelele, mpaka bata wa jirani wakahama.

Niliporudi, Papa alikuwa amesimama ndani, blanketi mabegani, homa imemwachia kidogo. Alikuwa amevaa salopeti. Alitaka kwenda langoni kabla hawajafunga. Mkono wake ulikuwa juu ya msumari mtupu, na Mama, aliyekuwa amerudi na dawa, alikuwa akitafuta chini ya kitanda.

Nilimpa. Ilikuwa inachuruzika maji, ndoano tatu zikining'inia nyuma yake. Mama alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Ni nani alipiga hii?" Papa akauliza, sauti ndogo sana.

"Ni mimi."

"Juu ya nini?"

Nikaanza kulia na kueleza kwa pamoja. Nikasema ilikuwa na tundu tayari. Nikasema kwamba ni medali yake ya ushomeri, ndiyo, lakini shomeri mwenyewe hana kitu cha kutengeneza, anakaa tu kwenye kiti, na mimi nilitaka mashomeri wengine wote waone kwamba wa kwetu anatengeneza vijiko.

"Medali?" Papa akasema. Akamtazama Mama. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa upindo wa kitenge, na sikujua analia au anacheka, nafikiri hata yeye hakujua. Hakuna hata mmoja wao aliyenirekebisha. Papa aliinua jetoni mpaka karibu na jicho, akaipuliza. Ikazunguka nusu, ikakwama. Akaipuliza tena, ikakwama palepale. Alikunja uso, ule uso wa turneri ambao sikuwa nimeuona tangu bomba lilipoacha moshi.

"Ulipiga vibaya," akasema. "Upande hii iko nzito. Leta nyundo. Na tupa."

Mama akamwambia ana homa, alale. Hakumsikia. Alikuwa ameshapita mlangoni, amelitoa lile blanketi na kulitupa juu ya kiti, na ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka kile kiti kikiwa na maana yoyote. Alikaa chini, kwenye mchanga, akaweka kipande cha reli kati ya miguu. Aligonga kwa nyundo ndogo mapigo madogo madogo, akasugua kwa tupa, akapuliza, akasugua. Vumbi la njano lilimfunika magoti. Mimi nilikuwa nimeshika maji, tupa na dawa yake, na aliinywa dawa ile bila kuangalia ni nini. Kabla jua halijazama alipuliza mara moja, ikazunguka mpaka pumzi yake ikaisha, na bado ikaendelea kidogo.

Siku ya Kafubu nitaisema haraka, maana nikianza sitamaliza. Uzi wa nailoni tuliuzungusha kwenye kopo la maziwa. Papa alizungusha kijiko hewani, akakiachia, kikaruka mpaka ng'ambo kwenye matete, plup, na akaanza kuukunja uzi kwenye kopo kwa haraka. Mara ya tatu kopo likaruka mikononi mwake. "Kasirani!" nikapiga kelele. "Iko na kasirani, Papa!" Makobo alitoka majini na tumbo la njano na mdomo unaoweza kumeza ngumi yangu, na Papa ya Fifi, aliyekuwa chini yetu na minyoo yake, akasimama wima na kuvua kofia. Tulirudi na watatu. Mama aliwakaanga, akampa kila mtu kijiko cha harusi yake, akasema leo tunakula kama samaki.

Toka hapo Papa alikuwa na kazi. Jumatatu ya kwanza alisahau lango, ya pili akalikumbuka jioni. Watu walikuja na chochote cha shaba, mabomba ya maji, vitasa vya milango, kengele ya baiskeli. Alitengeneza vijiko vya kila namna, mimi nikavifanyia majaribio mferejini. Siku moja Papa ya Fifi alikuja, akatoa leso mfukoni, akaifungua. Ilikuwa jetoni yake. Aliiweka mkononi mwa Papa, na Papa akachukua nyundo. Lakini hakuna kijiko kilichoishinda jetoni yetu, ambayo namba yake ilisomeka bado, imechubuliwa na meno.

Halafu ikaja ile Jumamosi mwishoni mwa mvua. Tulikuwa tumeshapata wawili. Papa akatupa karibu na gogo, akavuta kidogo, na uzi ukaenda. Haukutetemeka, ulikwenda tu, kopo likigonga vidole vyake. Alishuka majini mpaka magotini. Mimi niliushika mkanda wake kwa nyuma, nikiegemea kwa uzito wangu wote, tukipiga kelele wote wawili bila hata kusikilizana. Niliona mgongo, mpana, mweusi. Kisha nikaanguka chali kwenye nyasi, maana uzi ulikuwa umekatika.

Maji yalitulia. Papa alibaki amesimama mle ndani, amenipa mgongo, mabega yakimtikisika, na nilijua analia. Jetoni imekwenda, na namba yake, na mtu asiye na jetoni hata jina lake lisomwe hakuna atakayemjua. Akageuka. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye tope.

"Basi!" akasema. "Jumatatu, ile samaki ndiyo itaenda kujibu kule ku lango!"

Mimi sikucheka. Nilimngoja amalize.

"Papa, medali imepotea. Ni kusema hauko tena shomeri?"

Aliacha kucheka. Alijifuta macho kwa mkono wa salopeti, akalitazama lile bomba la moshi kwa mbali juu ya miti.

"Ni vile, mama," akasema. "Siko tena shomeri."

Alinipakia nyuma ya baiskeli, samaki wawili wakining'inia kwenye usukani, akaendesha akipiga mluzi njia nzima. Mimi nilikuwa nimemkumbatia kiuno, uso wangu kwenye ile salopeti yenye tope, na nililia mpaka tukafika nyumbani, kwa sababu nilidhani siku ile Papa yangu amefukuzwa kazi.